Tusijitoe Afrika Mashariki kwa hasira

Mhariri,

Nasikitishwa na wenzetu wanaotaka Uganda ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, eti ili kulinda utaifa wetu. Ninaishi Busia, mji uliokatwa na mpaka, ambako Wasamia wa ukoo mmoja hubeba vitambulisho vya nchi mbili, na sijamsikia hata mmoja akisema Uganda yake imepungua kwa sababu alivuka kwenda kumzika shangazi yake.

Ni kweli kwamba mahindi yetu yalizuiwa kuingia Kenya mwaka 2021, jambo lililoniuma sana. Hata hivyo, nchi isiyo na bahari, ambayo mizigo yake mingi hupitia Mombasa, itamdai nani haki yake ikishajitoa? Jumuiya ya kwanza, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Kampala mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977, na ikachukua zaidi ya miaka ishirini kupata mkataba mwingine. Waliotunga mkataba huo wa 1999 walidai theluthi mbili ya wabunge na notisi ya miezi 12 kabla nchi haijajitoa. Naamini walikumbuka uchungu huo.

Msomaji wenu,
Busia, Uganda