Barua kwa mwanangu: pasipoti iko wapi?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umenieleza habari za baridi, za watu wanaopita bila salamu, za chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Halafu katikati, kama jambo dogo, ukasema mratibu wa kazi yenu ya kujitolea amekusanya pasipoti zenu ili mkasajiliwe. Nimekwama hapo hapo. Iko wapi sasa hivi?

Usajili wa wageni upo kweli. Kuna nchi zinazotaka mgeni aandikishwe ndani ya siku chache tangu afike, na mwenyeji ndiye anayepeleka hati. Lakini shughuli hiyo ina mwisho wake. Muulize kwa upole: imepelekwa ofisi gani, inarudi lini, kaipokea nani? Akuandikie kwenye karatasi, pamoja na namba ya pasipoti, tarehe na sahihi. Mwenye nia njema haoni tabu kuandika hayo. Akikwambia zitakaa kabatini kwake mpaka mmalize miezi yenu, eti kwa usalama, huo si usajili tena. Idai siku hiyo hiyo. Akigoma, nenda ubalozi wetu, usingoje wiki iishe. Mtu asiye na pasipoti mkononi hawezi kuondoka hata kazi ikigeuka ikawa siyo ile aliyoitiwa.

Je, ulipiga picha ukurasa wenye sura yako? Na ule wa viza, na ule wenye muhuri wa kuingia? Muhuri ndio wengi husahau. Viza inaweza kuwa ya mwaka mzima, na afisa wa uhamiaji akakugongea siku 30 tu. Zinazohesabiwa ni hizo za afisa.

Tena soma aina ya viza yenyewe. Mahali pengi viza ya utalii hairuhusu kujitolea hata kama hulipwi chochote, kwa sababu kwao kazi ni kazi. Ile fomu mimi ndiye niliyekuharakisha, nikiwaza tiketi, na kipengele cha sababu ya safari sikukisoma mpaka mwisho. Kama imeandikwa utalii, mwombe mratibu akuonyeshe kibali kabla hujagusa kazi.

Mji usiuhukumu bado. Unautazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala. Mwili huchukua kama siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti kati ya saa za huku na za huko, na aliyesafiri kuelekea mashariki huchelewa zaidi. Mchana toka nje upate mwanga, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa. Njia ya kutoka chumbani hadi kazini ipite mara mbili mchana kabla hujaipita usiku. Anwani ya unapolala iandike kwenye karatasi kwa maandishi yao, uiweke mfukoni, maana simu huisha chaji. Kuhusu salamu, anza na mtu mmoja unayemwona kila siku mlangoni.

Uliposema tayari unahesabu hadi kumi kwa lugha yao, nilifurahi mno, nikawaita wote nyumbani wasikie. Sasa mtu mwepesi wa kushika namna hiyo anatoaje pasipoti bila kuuliza?

Na lile begi ambalo halikufika: ulijaza fomu uwanjani kabla ya kutoka? Namba ya fomu ndiyo watakayokuuliza kila ukipiga simu. Tunza na kile kipande cha stika walichokupa uliposalimisha mizigo. Likifika limepasuka, kwa safari nyingi za kimataifa una siku 7 tu za kulalamika, tena kwa maandishi.

Mdogo wako amehamia chumbani kwako, nimemruhusu. Vitabu vyako nimevifunga kwenye boksi, havijaguswa. Bomba la bafuni limeanza tena kuvuja, mpira wake wa ndani umekwisha, na wewe ndiye uliyekuwa ukiubadilisha. Spana uliiweka wapi?

Nijibu leo. Kwanza nitumie picha ya pasipoti ikiwa mkononi mwako, vidole vyako vionekane. Halafu uniambie ya spana.

Mama yako