Hilux yenye kilomita 340,000

Shabani ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia shamba la machungwa Muheza limekubali. Umeniuliza kama hiyo Hilux, pikapu ya Toyota ya mwaka 2008 yenye kilomita 340,000 itakufaa kwa kazi ya mzigo, na kama ni kweli kwamba aliyezoea Toyota hana sababu ya kutazama gari lingine. La Toyota nitalijibu humuhumu ndani ya hilo la kwanza.

Kilomita peke yake zisikutie hofu. Gari lililopiga Dar–Arusha kwenye lami, likabadilishwa oili kila kilomita 5,000, linaweza kuwa zima kuliko lililotembea 150,000 kwenye vumbi na mzigo wa kupitiliza. Tena mita inarudishwa nyuma kwa dakika chache, kwa hiyo anayekuonyesha 340,000 waziwazi huenda ni mkweli kuliko mwenye 160,000. Tazama raba ya pedali ya klachi, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika mpaka chuma kinang'aa haiwezi kuwa ya gari la kilomita chache, mita iseme inavyosema. Halafu uombe risiti za sevisi. Asiye na hata moja, bei yake ishuke.

Sasa injini, na hapa ndipo watu wanaponunua jina badala ya gari. Hilux za umbo hilo, hizi tunazoziita Vigo, zilikuja na injini tofauti, na tabia zao hazilingani. Kuna 5L-E, dizeli ya cc 2,986 isiyo na tabo (turbo, pampu ya kusukumia injini hewa): mvivu mlimani lakini mvumilivu sana. Kuna 2KD ya cc 2,494 na 1KD ya cc 2,982, zote mbili za tabo na komoni reli (bomba moja la dizeli yenye presha kubwa linalolisha nozeli zote), na muuzaji ataziita zote "D-4D". Fungua boneti usome namba mwenyewe. Kwa ulivyoniandikia, hiyo yako ni 1KD.

1KD ina nguvu nzuri, ila ina ugonjwa mmoja lazima uujue kabla hujatoa hata shilingi. Chini ya kila nozeli, yaani kifaa kinachonyunyizia dizeli kwenye silinda, kuna wosha ndogo inayozuia gesi ya moto isitoke kwenye silinda. Wosha ikichoka, gesi inapanda hadi chini ya kifuniko cha vali pamoja na masizi, oili inapikika, inakuwa nzito kama lami. Vipande vya kaboni vinashuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la kunyonyea oili. Pampu ya oili inakosa cha kuvuta, na injini inakauka huku kijiti cha kupimia kinaonyesha oili imejaa. Hapo kwanza inakufa tabo, au beringi za kranki. Wosha nne za bei ndogo zinaua injini nzima, na mwenye gari anabaki kulaumu oili.

Kwa hiyo nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe. Iwashe mwenyewe. Taa ya oili izimike mara moja. Ikichelewa sekunde kadhaa, shuku hilo chujio. Sikiliza kama kuna sauti ya kupumua, chaf-chaf-chaf, juu ya injini. Fungua kifuniko cha kumiminia oili: ukikuta utando mgumu mweusi umeganda ndani yake, wosha zimevuja siku nyingi. Moshi ukifuka kwa wingi na kwa kusukuma hapo kwenye tundu, hizo ni ringi au pistoni, na pistoni za 1KD zinajulikana kwa kupasuka nozeli zikimwaga dizeli vibaya.

Injini ikishapata moto, fundi mwenye kompyuta asome marekebisho ya kila nozeli, yaani dizeli ambayo kompyuta inaiongezea au kuipunguzia, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta). Namba ziwe kati ya -3 na +3. Nozeli moja ikiwa mbali na wenzake, hesabu gharama ya kuibadilisha na uitoe kwenye bei. Ukinunua, kabla ya safari ya kwanza ya mzigo, shusha sampu, safisha chujio, weka wosha mpya (zilizokwisha kubanwa zisirudishwe kamwe), halafu mimina oili mpya, takriban lita 7 pamoja na filta.

Mkanda wa taimingi nao. Kitabu cha gari katika masoko mengi kinaandika kilomita 150,000, na dashibodi ina taa ya T-BELT ya kukumbusha. Taa hiyo inazimwa bila mkanda kuguswa, kwa hiyo taa kuzimika si ushahidi. Kwa barabara za shamba badilisha kila 100,000, pamoja na tenshena (kikaza mkanda) na beringi yake. Mkanda ukikatika, vali zinagongana na pistoni.

Bushi, boljointi, shokapu, kros jointi: hivyo vinalika kwa kila gari, vipige bei tu. Chasisi usiipige bei. Hilux iliyokaa Tanga imekula hewa ya chumvi. Ingia chini na nyundo ndogo, ugonge pale springi za nyuma zinaposhikiliwa na kwenye maungio yote. Mlio mzito usio na mwangwi, au kutu inayomwagika kwa magamba, ondoka. Toyota yenyewe haina kinga ya kutu. Mwaka 2016 huko Marekani ilikubali kutoa hadi takriban dola bilioni 3.4 kumaliza kesi ya fremu zilizokuwa zinaoza za Tacoma, Tundra na Sequoia.

Mapenzi ya watu kwa Toyota nayaheshimu, na yana msingi: popote utakapoharibikiwa, kuanzia Handeni hadi Lushoto, kuna fundi aliyewahi kuifungua na duka lenye spea. Siku ya kuuza, mnunuzi hakosekani. Lakini sifa hiyohiyo imefanya spea zake zighushiwe sana. Filta ya oili ya bandia ndani ya boksi zuri itakuharibia injini kuliko kilomita zote hizo, basi nunua kwa wakala au kwa duka linalokubali kukuandikia risiti.

Na usiidharau Isuzu D-Max, pikapu nyingine, yenye injini ya 4JJ1 ya cc 2,999. Inatumia cheni badala ya mkanda, na inavumilia mzigo. Kule Kenya inaunganishwa Nairobi, ndiyo maana wenye D-Max kule wanaipenda kama sisi tunavyoipenda Hilux. Wewe uko Tanga; mpaka wa Horohoro ni hapo, na Mombasa mbele yake, spea zinafikika. Nissan Navara ya umbo la D40 iache, isipokuwa kama muuzaji ana ushahidi kwamba cheni za taimingi zimebadilishwa, maana za mwanzo zilikuwa zinarefuka.

Ukipata D-Max ya bei ileile yenye risiti, na Hilux haina, chukua D-Max. Yoyote utakayochukua, tani moja ndiyo mzigo wake. Machungwa yakizidi, piga tripu mbili.

Nitumie namba za nozeli zote nne ukishapimiwa, pamoja na picha ya ndani ya kile kifuniko cha oili, kabla hujalipa. Nisalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,
Rafiki yako Hamisi