Marehemu Hakuwa "Mkazi Mmoja"

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu nikiwa msichana na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Mengi nimeyameza. Lakini ile habari ya Jumatatu iliyopita, ile yenye picha ya mheshimiwa ameshika koleo kaburini, imenikwama kooni. Aya sita za ahadi zake, kisha mwisho kabisa, kama makombo: alikuwa akihutubu katika mazishi ya "mkazi mmoja wa Bondeni aliyependa uigizaji na muziki".

Aliyependa! Kama mtu apendavyo chapati.

Huyo mkazi mmoja tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Riziki yake ilikuwa useremala. Nimeigiza chini yake miaka 26, aghalabu nikiwa mama mkwe, maana alisema uso wangu ulizaliwa umenuna. Mazoezi yalianza saa kumi na moja jioni na kukatwa saa moja na nusu hata kama mfalme alikuwa katikati ya kukata roho, kwa sababu lazima Mwalimu awahi nyumbani akague madaftari ya watoto. Likizo alikuja nao. Kifungua mimba wake ndiye aliyepiga chupa ya Fanta kuandamana na gitaa la babake, kwa mtindo wa omutibo waliotoka nao kwao Butere, na uzi wa gitaa ukikatika, Mwalimu alitia waya wa breki ya baiskeli na wimbo ukaendelea. Kiti cha enzi kilikuwa kochi la sebuleni kwake. Juma la maonyesho mkewe alipokea wageni kwenye mkeka, na alipokuja kututazama alikaa safu ya mbele akilichunga kochi lake, si sisi waigizaji.

Hayo yote mwandishi wenu angeyapata kwa swali moja tu kwa mjane. Alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwa mheshimiwa.

Sasa tuje kwenye hizo ahadi. Mheshimiwa atatujengea "ukumbi wa kisasa wa sanaa". Mhariri, ukumbi tunao, tena umekuwepo tangu enzi za mkoloni. Aprili 2022, haijatimia miezi mitano tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji, nilikwenda mimi mwenyewe ofisi husika nikalipa shilingi 6,000 za Ijumaa na Jumamosi, nikapewa risiti yenye muhuri. Ijumaa tukafika na kochi juu ya mkokoteni, watoto wamebeba mapazia, tukakuta mlango umefungwa kwa ndani na wajumbe wa chama wamejaa tele, kwani ulikuwa msimu wa mchujo. Bawabu akachungulia dirishani akaniuliza, "Mama, kwani hamkupigiwa simu?" Simu ya nani? Watu walikuwa wameshaanza kufika, wengine wametoka Kaptembwo kwa miguu. Mwalimu hakubishana. Alimwomba dereva mmoja wa matatu atuwashie taa, akapanga kochi kando ya mtaro, tukaanza. Onyesho la pili mvua ikashuka, ile ya masika isiyopiga hodi. Alivua koti, akalifunika gitaa, akaimba bila ala mpaka mwisho huku maji yakimtiririka shingoni, na watu wamejibana chini ya vipenu vya maduka wakimwitikia. Kochi lilinuka uvundo hadi Juni. Nilipodai pesa zetu nikaambiwa, "Njoo Jumanne." Nimekwenda Jumanne kumi na moja. Risiti ninayo mpaka leo, mkitaka kuipiga picha badala ya koleo.

Kule Limuru, mwaka 1982, serikali ilituma polisi kuubomoa ukumbi wa wanakijiji wa Kamirithu. Hapa kwetu polisi hawakuhitajika, kufuli lilitosha.

Na kwa kuwa nimeshafungua kinywa: hawa wanaozunguka shuleni na tamthilia za kutahiniwa nani anawakagua? Mjukuu wangu alitozwa shilingi 300, akarudi nyumbani akiwa ameona vichekesho na mtu mmoja akicheza sehemu tatu kwa kubadilisha kofia. Sehemu nzima ya mwisho waliiruka, eti basi lao lilikuwa na safari nyingine. Mwalimu alipeleka kikundi chetu shule za kutwa bila malipo, akiomba chai tu, na hakuruka hata ukurasa. Ila hilo halina picha ya kupiga.

Pendekezo langu ni dogo. Ukumbi mpya wasijenge. Ufunguo wa ule wa zamani apewe mama anayeuza mandazi mkabala na lango, kwa sababu yeye hufika saa kumi na moja alfajiri kila siku na hana chama. Mheshimiwa naye, akitaka kumuenzi marehemu, aje akae kwenye benchi kwa muda wa saa mbili na nusu bila kushika maikrofoni. Nanyi mchape masahihisho, ukurasa uleule, kwa herufi zilezile: marehemu alikuwa seremala, mume, baba wa watoto wanne, mwelekezi wa maigizo na mpiga gitaa.

Kochi liko kwa mjane. Mguu mmoja wa nyuma umelegea tangu ile mvua, naye anasema halitengenezwi.

Mama Mkwe (wa jukwaani),
Bondeni, Nakuru