Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya misitu: tunaomba mafuta ya doria

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Naandika hadharani kwa sababu barua za ngazi kwa ngazi zimekwishapita, kila moja na muhuri wake, na jibu tunalopata ni kwamba suala linafanyiwa kazi.

Usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita kijana wetu wa doria alikatwa panga mkononi ndani ya msitu wa hifadhi, huku pembezoni mwa Chanika, Dar es Salaam. Alikwenda zahanati kwa bodaboda, amebanwa katikati ya watu wawili ili asianguke. Gari la doria lilikuwa limeegeshwa kituoni. Halikuwa bovu. Halikuwa na dizeli.

Juzi Jumatano gari hilohilo lilijazwa mafuta likabeba miche, maturubai na viti kupeleka kwenye hafla ya kupanda miti.

Mheshimiwa, mimi ni afisa misitu, mtaani wananiita Bwana Miti. Kupanda miti ni kazi niliyoisomea na ninaipenda, na agizo la kila halmashauri kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka silipingi. Lakini mche unaotolewa kwenye kiriba, kile kimfuko cha kitalu, wakati wa masika unahitaji mtu wa kuupalilia na kuumwagilia kiangazi kikifika, na mtu huyo hayumo kwenye bajeti. Taarifa tunazodaiwa ni za miti iliyopandwa. Sijawahi kuulizwa mingapi ilikuwa hai Desemba.

Msitu wa asili, kwa upande wake, hauhitaji mche wangu hata mmoja. Miti yetu mingi ya asili ikikatwa, mizizi hubaki hai, na mvua zikinyesha kisiki hutoa machipukizi. Yakiachwa, yale yenye nguvu yanakuwa mti bila serikali kutoa senti. Kinachoua msitu ni kurudiwa: moto kila kiangazi, panga linarudi machipukizi yakiwa na unene wa mkono, halafu anakuja mkulima wa mihogo, na nyuma yake dalali wa viwanja. Akishafika dalali, kisiki kinang'olewa na hapo mimi sina tena msitu wa kulinda.

Na mchoma mkaa anakamatika! Tanuri la mkaa si jambo la usiku mmoja. Anakata magogo, anayapanga, anafunika kwa majani na udongo, anawasha, kisha analilinda siku kadhaa, maana likitoboka na hewa ikaingia, mali yote inageuka majivu. Moshi wake unausikia kwa pua kabla hujauona. Doria inayopita mara mbili kwa wiki itamkuta. Sisi tunapita pale tunapochangishana hela ya mafuta ya pikipiki, na wao wanajua ratiba ya umaskini wetu kuliko tunavyoijua wenyewe.

Siwachukii. Wengi ni vijana wasio na kazi nyingine, na nadhani wenye mali halisi hawajawahi kuingia msituni, wanakaa mjini wakisubiri magunia. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku, na muda si mrefu marufuku ikaondolewa, kwa sababu jiji hili lilikuwa halina kingine cha kupikia. Mwezi Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, tukaahidiwa kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watakuwa wanapikia nishati safi. Niliipokea ahadi hiyo kwa moyo wote. Lakini mama anayeuza vitumbua hapa Chanika anapata fedha kwa siku, na mkaa ananunua kwa kopo, kwa siku. Mtungi wa gesi unamdai fedha ya mkupuo. Nyumbani kwangu, nyumba ya mtu mwenye mshahara, gesi inakatika katikati ya mwezi na mke wangu anawasha jiko la mkaa. Kwa hiyo mpaka ahadi ile itimie, kuna miaka ya kulinda kilichobaki, na hiyo miaka nani anailinda?

Takwimu za serikali yenyewe zinasema nchi inapoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka. Hapa kwetu hasara inashuka na maji. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na Jangwani, bondeni mwa mto huo, bado panafurika. Sisemi ni mkaa peke yake. Watu wamejenga bondeni na taka zimeziba mitaro. Ila udongo ulioachwa wazi huku juu lazima ushukie mahali, na unashukia kwenu mjini. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ulipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2020. Tulishangilia. Hadhi hiyo nayo inalindwa na mtu mwenye miguu na gari lenye mafuta.

Posho za doria hatujalipwa muda mrefu, na hilo ningeweza kulinyamazia. Nimetumiwa ujumbe wa simu unaotaja shule anayosoma binti yangu. Nimeuripoti. Tangu hapo mke wangu hulala akiwa amekaa kila ninapokuwa zamu ya usiku, na ananiuliza swali ambalo sina jibu lake: kama wakubwa wako wangeutaka huo msitu, si wangekupa mafuta?

Mheshimiwa, siombi gari jipya. Siombi sare wala semina. Naomba dizeli ya doria iwe na kifungu chake, na kifungu hicho kisiguswe kwa hafla yoyote, hata ukija wewe mwenyewe kupanda mti. Dizeli ya doria tu. Kiangazi kinaanza Juni na moto huanza nacho. Tafadhali ifike kabla.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Afisa misitu,
Chanika, Dar es Salaam