Muulizeni mteja ana mashine gani kabla hamjamuuzia SSD

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenye maduka ya kompyuta hapa Arusha.

Siku hizi kila mtu kashasikia kwamba kompyuta ikiwa nzito dawa yake ni SSD, yani diski ya kutunzia vitu isiyozunguka, na ni kweli wala sibishi, maana hadidiski ya kuzunguka hata ijitahidi vipi inakupa megabaiti 100 na kitu mpaka 200 hivi kwa sekunde wakati SSD ya kawaida ya sata (ile njia ya siku nyingi ya kuunganisha diski na mazabodi) inagonga kama 550, alafu haina sahani wala sindano ya kuhangaika kutafuta mafaili huku na huku, ndo maana hata mashine ya mtumba inawaka chapu. Shida iko dukani. Mteja akisema nataka SSD ya kompyuta ya mezani anaulizwa ukubwa gani na ana shingapi, basi, anafungiwa ile nyembamba ya M.2, inayochomekwa moja kwa moja kwenye sloti yake ya mazabodi, anaondoka.

Mama mmoja mwenye steshenari huku Sakina kaniletea CPU yake, Dell OptiPlex 7010 ile ya 2012, pamoja na NVMe, yani M.2 ya aina yenye kasi kuliko sata, aliyouziwa kwa maneno kwamba hii ndo spidi yenyewe. Nikafungua kava mbele yake, nikamwambia mama, mazabodi hii haina sloti ya M.2 kabisa. Akauliza kwani haiwezi kuchomekwa popote? Kadi za kuiweka kwenye PCI Express, zile sloti za kuongezea kadi, zipo, na Windows itaiona vizuri tu kama sehemu ya kutunzia vitu, ila mashine za umri ule kwa kawaida haziwaki kutokea kwenye NVMe mpaka uchokonoe BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, sasa mtu anayetaka kutoa kopi asubuhi wateja wamejaa mlangoni utakuwa umemsaidia nini? Alichohitaji ni ile ya inchi 2.5 na waya wa sata. Na hapo napo fundi awe macho, chipuseti ya Q77 iliyomo humo (chipu inayosimamia mazabodi) ina matundu mawili tu ya sata ya gigabiti 6 kwa sekunde, mengine ni ya 3, ukichomeka popote tu unaweza kupoteza karibu nusu ya spidi.

Akarudi dukani na risiti, akaonyeshwa maandishi ya chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Jamani!

Na wenye mashine mpya mpya wasijione wamepona. Kuna sloti za M.2 zinazokubali sata peke yake, kuna za NVMe peke yake, zingine zinakula zote, na SSD zenyewe zote mbili zinakuja kwa saizi ileile ya 2280, yani upana milimita 22 urefu 80. Ya sata mara nyingi ina mipasuo miwili pale pa kuchomekea na NVMe mmoja, ila usiamini macho tu, soma stika.

Najua mtasema mteja ndo alitakiwa ajue. Kwani ukienda duka la spea ukataka plagi hawakuulizi gari gani, la mwaka gani? Nyie mnashindwa nini? Andikeni modeli ya mashine kwenye risiti, na kama mlimhakikishia mtu kwamba itaingia alafu ikagoma mbadilishieni, hata mkikata elfu mbili tatu ya boksi kufunguliwa sidhani kama kuna atakayelalamika.

Fundi kompyuta,
Sakina, Arusha