Zoezi la Jumamosi: baiskeli, kisha mbio papo hapo

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunaunganisha kilomita 20 za baiskeli na kilomita 3 za mbio, bila kupumzika katikati.

Mkibakiza kilomita 2 za baiskeli, wekeni gia nyepesi na kuzungusha pedali kama mara 90 kwa dakika. Anayemaliza kwa gia nzito hushuka na mapaja kama magogo. Mkianza kukimbia, fupisheni hatua kwa mita 500 za kwanza. Macho yanakuwa yamezoea kasi ya baiskeli, hivyo mtu hudhani anajikokota kumbe amepitiliza, na kilomita ya pili pumzi inamwishia. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu.

Kofia ngumu: funga kamba kabla ya kugusa baiskeli, fungua ukishatundika baiskeli. Kwenye mashindano kutofanya hivyo kuna adhabu, kwa hiyo tulizoee sasa.

Leteni mpira wa ndani wa akiba, pampu na maji angalau nusu lita. Jazeni upepo asubuhi hiyohiyo; tairi nyembamba hupungua usiku kucha. Mwenye maumivu ya goti aniambie mapema, tafadhali asivumilie kimya.