Nyumba ya Septemba, Maji ya Aprili

Simu nyingi za wateja wetu huingia kati ya Julai na Septemba. Jua linawaka, barabara ya mtaani imekauka, dalali ana funguo mfukoni na nyumba imepigwa rangi wiki iliyopita. Miezi hiyo Dar es Salaam haina nyumba mbaya. Ofisi yetu ni ya watu watatu na pikipiki moja, na kazi yetu ni kuitazama nyumba hiyo kwa macho ya mwezi wa nne, kabla hujatoa kodi ya miezi sita au kuuza shamba la urithi ili uinunue.

Mwaka jana tulikwenda Tabata kuangalia nyumba ya vyumba vitatu ambayo mteja alitaka kuinunua. Dalali alishamwambia, "Bosi, hapa maji hayajawahi kufika, muulize yeyote." Basi tukamuuliza yeyote. Nyumba ya pili kulikuwa na bibi anakaanga maandazi barazani. Tukamwamkia, tukanunua ya elfu mbili, tukakaa. "Maji?" akasema. "Wajukuu zangu, masika hapa televisheni inalala juu ya kabati."

Tukarudi ndani. Soketi zote za sebuleni zilikuwa usawa wa kifua, na kwenye mlango wa mbele palikuwa na kizingiti cha saruji cha kuruka kama mtaro. Ukuta wa uzio ulikuwa na matundu manne chini kabisa, kila moja saizi ya tofali. Mwenye nyumba alisema ni ya paka. Paka wanne? Upande wa bondeni, ua wa michongoma ulikuwa umenasa mifuko na matambara, na juu ya kimo fulani hapakuwa na hata uzi, utadhani mtu kapima kwa kamba. Tulipima: sentimita 70 kutoka ardhini. Jikoni tukasogeza kabati. Nyuma yake, ambako brashi ya rangi haikufika, kulikuwa na mstari wa kahawia ukutani kwa kimo hichohicho.

Mwisho fundi wetu akatoa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani ambao waashi wanautumia kupata levo. Ncha moja sebuleni, ncha nyingine barabarani. Sakafu ilikuwa chini ya barabara kwa sentimita 30. Nyumba ilipojengwa ilikuwa juu, ila barabara imepandishwa kifusi juu ya kifusi kila ikikarabatiwa, mpaka nyumba ikabaki shimoni. Hili tunalikuta mara nyingi hata mitaa isiyo na mto wowote karibu, na ndilo ambalo wanunuzi hawaliwazii kabisa. Mteja wetu alishukuru, akaenda kutafuta Kinyerezi, huko juu.

Kwa nyumba zilizo bondeni, sababu inajulikana. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unakatiza mji na kupita Kigogo na Jangwani hadi baharini pale Daraja la Salenda. Mvua ikipiga huko juu, wa huku chini anaweza kuamka na jua lake na bado akaletewa maji mlangoni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 mkoani Dar es Salaam, na baadhi ya familia za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Tangu hapo Jangwani imejaa maji mara nyingi kiasi kwamba barabara kufungwa si habari tena. Lakini msiangalie Msimbazi peke yake. Mto Ng'ombe unaopita Tandale ni mwembamba na una hasira zake, na Msasani kuna mtaa unaitwa Bonde la Mpunga. Waliotutangulia hawakupaita hivyo kwa utani. Mpunga haulimwi pakavu.

Kuna jambo la sheria ambalo dalali hatakutajia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au wa ziwa. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo inaweza kuwa na umeme, maji ya bomba na risiti za kodi ya majengo, na bado ikapigwa X nyekundu ya kubomolewa. Waliobomolewa Bonde la Msimbazi kuanzia Desemba 2015 wanaijua X hiyo. Kwa hiyo kabla ya kununua tunapima mita kwa utepe, kisha tunakwenda halmashauri kuangalia ramani ya mipango miji, na kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi wa hati yenyewe. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inaonyesha tu kwamba mmeuziana. Mto hausomi mihuri.

Sasa choo. Samahani kwa anayesoma akiwa mezani. Zunguka nyuma ya nyumba utafute bomba linalotokeza kwenye ukuta wa shimo kuelekea mfereji, limezibwa kwa kitambaa au gunia. Hilo ni bomba la kutapishia choo: mvua ikikolea, mtu anachomoa kitambaa na mfereji unabeba. Hata kama bomba liko kwa jirani, kinyesi kinapita kwako, na kipindupindu hakiulizi nani kachomoa. Bei ya nyumba inaweza kushushwa kwa ajili ya sakafu iliyo chini, maana sakafu inapandishwa. Kwa mfereji wa namna hii mimi simshauri mtu apunguziwe bei, namshauri aondoke.

Mengine ni ya haraka. Karibu na bahari onja maji ya kisima na uangalie mabomba. Yakiwa na kutu na ukuta unamwaga unga mweupe wa chumvi chini, jiandae kupiga plasta kila baada ya muda mfupi. Bati lisilo na dari, dirisha kubwa la magharibi na uwanja usio na mti hata mmoja ni tanuri kuanzia Desemba. Ukuta wenye nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha, juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, mwite fundi kwanza.

Kwa wapangaji tuna ombi moja: usilipe mwaka mzima kabla hujaiona nyumba ikinyeshewa. Ukilazimika, andikeni kwenye mkataba kwamba maji yakiingia ndani kodi iliyobaki inarudi. Mwenye nyumba anayejua nyumba yake ni kavu anasaini palepale akiwa anakunywa chai. Anayeanza kukohoa na kusema "tutaongea," ameshakujibu.

Sisi tunalipwa na anayetaka kuhamia tu, hatuchukui hata soda kutoka kwa dalali au muuzaji. Ukaguzi wa chumba na sebule unakula nusu siku, nyumba ya kununua siku mbili pamoja na foleni za ofisini, na unapewa picha na vipimo vyote mkononi. Ukituita katikati ya masika tutakuomba usubiri mvua moja kubwa. Ikikatika, hata iwe saa kumi na moja alfajiri, tutakukuta hapo na mabuti. Njoo na yako.